Boga la nazi lisigeuke uji: kuanzia sokoni hadi sinia ya futari

Ramadhani yangu ya kwanza kwa mavyaa, huko Kisauni, Mombasa, nilikabidhiwa boga. Wenzangu walipewa kaimati na viazi karai, mimi nikaona nimepewa kazi ya mtoto. Muhogo wa nazi nilikuwa naupika tangu nikiwa na miaka 12, nikajiambia boga ni mdogo wake muhogo, litanishinda nini? Nikalimenya, nikalikatakata, nikalimiminia tui jepesi mpaka vipande vyote vikazama, nikafunika sufuria nikaenda kuswali alasiri. Niliporudi, vipande vilikuwa vimeyeyuka na juu yake pameelea maji ya rangi ya chungwa. Nikatia tui zito nikidhani litafunga. Halikufunga. Maghribi, baada ya tende na maji, mavyaa alichota kijiko kimoja, akakiinamisha, futari ikatiririka ikarudi bakulini.

"Mwanangu," akasema taratibu, "huu ni uji wa nini?"

Kosa langu lilikuwa la hesabu. Muhogo mbichi una maji kama asilimia 60 ya uzito wake. Kiazi kitamu kina kama 77. Boga la kawaida hupita 90, na hata butanati, ambayo ni kavu kuliko wenzake wengi, ina kama 86. Muhogo unakunywa tui unapoiva. Boga linafanya kinyume: linatoa maji yake na kukuachia sufuriani. Ukilipika kama muhogo utapata nilichopata mimi. Kwa hiyo karibu kila nitakachokueleza hapa, kuanzia unaposimama mbele ya muuzaji mpaka unapopakua, ni njia ya kupunguza maji.

Boga gani tunalolizungumzia

Si mumunye. Mumunye huliwa lingali changa, ganda laini, na mchuzi wake unatakiwa uwe mwepesi. Boga ni lile lililoachwa shambani likakomaa, ganda likawa gumu na mbegu zikajaa. Wenzetu waliotoka bara huliita malenge, na sokoni utayasikia majina yote mawili kwenye meza moja. Asili yake ni Amerika, kama ilivyo kwa muhogo, mahindi na pilipili. Vyote vilivuka bahari baada ya safari ya Kolumbasi ya mwaka 1492. Kwa hiyo hili boga la nazi tunalodai ni letu toka azali, nusu yake ni mgeni. Butanati ni mgeni zaidi: ilizalishwa Massachusetts, Marekani, katika miaka ya 1940. Leo imejaa kila soko la Mombasa.

Kwa futari mimi huchagua boga la kienyeji lenye ganda la kijani au kijivu na nyama nene. Butanati naiweka kwa supu, chapati na chakula cha watoto. Haina nyuzi, inamenyeka bila vita, lakini ladha yake ikichanganyika na tui huwa ya upole mno. Hilo ni la ulimi wangu; mavyaa naye husema butanati ni boga la watu wavivu.

Kulichagua

Kongowea ni soko la jumla, na ukifika mapema utayakuta maboga mazima yamerundikwa chini. Marikiti na kwenye vibanda vya mitaani mara nyingi utauziwa kipande. Kama hujazoea, anza na kipande. Kipande hakina pa kujificha.

Usimuulize muuzaji, "Dada, hili ni la unga?" Atakujibu, "La unga hilo, mamangu, ukilila utanirudia mwenyewe." Wote hujibu hivyo, hata aliyeniuzia lile la uji. Tazama kwa macho yako. Nyama ya boga la unga ni ya rangi iliyokolea, chungwa au manjano mazito, na uso uliokatwa unaonekana mkavu kiasi, umekazana. Boga la maji linameremeta, rangi imepauka, na katikati nyuzi zimelegea zinaning'inia. Bonyeza nyama kwa kidole: ikiacha bonde lenye unyevu, endelea na meza inayofuata. Kipande kilichokatwa tangu asubuhi na kuachwa juani, pembeni kimeanza kuteleza, kiache hata kikiuzwa nusu bei.

Boga zima lina dalili tatu za kuaminika. Ya kwanza ni kikonyo: kiwe kimekauka, kigumu kama kizibo cha chupa, na kiwe bado kipo. Boga lililong'olewa kikonyo limeachiwa tundu la kuingilia uozo. Ya pili ni ganda: jaribu kulichoma kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukizama, boga halijakomaa, na boga changa halina utamu wala unga. Ya tatu ni uzito. Nyanyua mawili ya ukubwa mmoja, chukua lililo zito, kwa sababu jepesi huenda limekauka ndani au uwazi wake ni mkubwa kuliko nyama. Doa la manjano ubavuni si ugonjwa, ni pale lilipolalia udongo. Baka lililolainika ndilo la kuogopa.

Watu watatu huhitaji boga la kilo moja hivi likiwa na ganda. Ukishatoa ganda, mbegu na nyuzi, kinachobaki ni kama robo tatu ya ulicholipia.

Kuliweka nyumbani

Huko kwenye baridi watu huweka boga zima miezi mitatu na zaidi, kwa sababu linapenda nyuzi joto 10 hadi 15 na hewa kavu. Mombasa hatuna hata kimoja kati ya hivyo. Wakati wa kaskazi jikoni kwangu panachemka, na masika yakiingia hata chumvi inalia maji. Mimi boga zima silihesabii zaidi ya mwezi. Liweke juu ya ubao au kichaga, lisikae moja kwa moja kwenye saruji, lisigusane na jingine, na lipate upepo. Lisiingie kwenye friji likiwa zima. Kila Ijumaa ligeuze ulitazame chini, kwani huanza kuoza mahali usipopaona.

Lakini usiwe na haraka nalo mno. Boga lililotoka shambani likakaa wiki mbili tatu huwa tamu kuliko la siku ile ile, kwa kuwa wanga wake unaendelea kugeuka sukari. Ukilinunua mwanzoni mwa Shaabani likakufika Ramadhani likiwa zima, umepata faida.

Likishakatwa, habari ni nyingine. Toa mbegu na nyuzi, lifunge vizuri, liingize kwenye friji, na ulimalize ndani ya siku tatu hadi tano.

Kulikata bila kujikata

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Ganda gumu, umbo la duara, mikono imelowa. Kausha boga na mikono. Tandika kitambaa chenye unyevu chini ya ubao ili usiteleze. Kata kwanza kipande chembamba upande wa chini, boga lipate makalio ya kukalia. Kisha chagua kisu kizito chenye ncha na ukichomeke pembeni mwa kikonyo, si juu yake, kwa maana kikonyo ni mbao tupu. Shusha kisu mpaka chini, geuza boga, malizia upande wa pili.

Kisu kikinasa, na kitanasa, usikinyanyue pamoja na boga ukaanza kulipigapiga kwenye meza. Niliona mtu akifanya hivyo, kisu kikachomoka kwa ghafla, na jioni ile ilimalizikia hospitali. Kishike mpini, chukua mchi wa kinu, gonga mgongo wa kisu pole pole upande wa ncha mpaka ganda liachie. Bibi yangu hakusumbuka na haya yote. Alikuwa akilitia boga ndani ya gunia safi, akalidondosha kwenye kizingiti cha mlango, paa, likapasuka vipande vinne. Vipande havikuwa vizuri kutazama, lakini vidole vyake vyote kumi alikufa navyo. Na kama hutaki lolote kati ya haya, mwombe muuzaji akupasulie kwa panga lake.

Kabla ya kumenya, paka viganja mafuta ya kupikia. Utomvu wa boga, hasa wa butanati, hukauka kwenye ngozi kama gundi, mikono ikakakamaa na kesho yake ikachubuka.

Kwangua mbegu na nyuzi zote kwa kijiko cha chuma mpaka ufikie nyama ngumu. Usizionee huruma nyuzi, hizo ndizo zinazobeba maji mengi. Mbegu ziweke kando. Sasa kata boga vipande virefu mfano wa mwezi mwandamo, kilaze kila kimoja kwa ubavu, na umenye kwa kushusha kisu kuelekea ubaoni badala ya kukivuta kuelekea kwako. Menya mpaka ule mstari wa kijani ulio chini ya ganda uishe. Ukiubakisha unakuwa mgumu na una ukakasi. Kama ganda ni jembamba na safi, unaweza kuliacha. Ganda hushikilia kipande kisivunjike, na anayekula atalitoa mwenyewe. Kwa wageni mimi namenya.

Vipande viwe vya ukubwa wa kiberiti, vyote sawasawa. Vikipishana, vidogo vitakuwa vimeyeyuka wakati vikubwa bado vina kiini kigumu.

Kabla hujaendelea, ramba kipande kibichi. Kiwe kitamu au kisiwe na ladha yoyote. Kikiwa kichungu, hasa uchungu mkali unaokaa ulimini, tema na ulitupe boga lote. Uchungu huo unatokana na sumu iitwayo kukabitasini, inayotapisha na kuharisha, na kupika hakuiondoi. Hutokea zaidi kwa maboga yaliyojiotea yenyewe kutokana na mbegu zilizochanganyika na jamaa zake za porini.

Tui

Kwa boga la kilo moja na nusu tafuta nazi mbili zilizokomaa. Zitikise usikie maji. Ukikuna kwenye mbuzi, simama unapokaribia kifuu. Ile ngozi ya kahawia ikiingia, tui linakuwa na rangi chafu, na kwenye boga la manjano uchafu huo unaonekana.

Tia kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, cha mililita 250, kamua kwa mkono mpaka machicha yalainike, chuja kwa kifumbu au chujio. Hilo ni tui zito, wengine huliita kasimile, liweke mbali. Rudia machicha na kikombe kingine cha maji. Hilo ni tui jepesi. Hapo simama. Kwa muhogo ningekamua mara ya tatu. Kwa boga tui la tatu ni maji uliyoyaalika mwenyewe. Ukitumia tui la kopo, litie kama lilivyo mahali pa tui zito, na punguza vijiko vinne vyake kwa maji upate nusu kikombe cha jepesi.

Nazi haipo kwa ladha peke yake. Rangi ya chungwa ya boga ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na karotini hufyonzwa vizuri ikifuatana na mafuta. Waliounganisha boga na tui hawakuwa na maabara, lakini walipatia.

Kulipika

Kwa watu watano hivi: boga kilo moja na nusu kabla ya kumenywa, tui zito kikombe kimoja, tui jepesi nusu kikombe hadi kimoja, sukari vijiko vikubwa vitatu, chumvi nusu kijiko kidogo, iliki punje tano zilizopondwa. Sukari ongeza au punguza kadiri ya boga lenyewe. Chumvi usiiache, bila chumvi utamu unakuwa bapa.

Chagua sufuria pana. Hili ni la muhimu kuliko watu wanavyodhani. Sufuria nyembamba inarundika vipande, vya chini vinabebeshwa uzito wa vya juu na kupondeka, na mvuke hauna pa kutokea. Panga vipande safu moja au mbili, nyunyiza sukari, chumvi na iliki, uache dakika 20. Utaona maji yameanza kutoka yenyewe. Sukari inayavuta, na tena sukari ikitangulia husaidia vipande visilainike haraka. Ndiyo maana hatungoji kuitia mwisho.

Sasa ongeza tui jepesi mpaka kimo cha kimiminika kifike robo ya vipande. Narudia: robo. Macho yako yatakuambia halitoshi, na mkono utataka kuongeza. Uzuie. Boga linaiva kwa mvuke wake. Funika, moto wa wastani, likianza kuchemka punguza, ngoja dakika 10.

Funua. Kile kimiminika sasa kitakuwa kimepanda kuliko ulichokitia, na hapo ndipo utakapoamini hesabu zangu za mwanzo. Choma kipande kinene kwa ncha ya kisu: iingie, lakini katikati ukute ukinzani kidogo. Kikiwa bado kigumu, funika dakika tatu nyingine. Kikifika hapo, kifuniko kikae mbali mpaka mwisho. Acha lichemke wazi dakika tano hivi, mpaka chini pabaki rojo kidogo tu. Mwiko usiuingize. Ukitaka kuchanganya, shika sufuria kwa masikio yake na vitambaa, uitikise kwa kuizungusha.

Mimina tui zito. Moto uwe mdogo kabisa. Kama unatumia makaa, toa nusu yake na yaliyobaki yafunike kwa jivu. Inamisha sufuria, chota tui kwa upawa upande mmoja, limwagie juu ya vipande, urudie hivyo hivyo bila kuliacha likatulia, kwa sababu tui linaloachwa lichemke kwa fujo hukatika, mafuta yakajitenga na kubaki punjepunje. Dakika tano hadi saba. Litakapoanza kutoa mapovu mazito ya polepole na kung'ang'ania mgongo wa upawa, epua. Usingoje liwe zito kama unavyolitaka mezani, litaendelea kukaza linapopoa. Liache wazi robo saa kabla ya kupakua.

Mavyaa huongeza hatua yake: dakika za mwisho hufunika kwa sinia la bati na kupalia makaa machache juu, kama anayepalia wali. Uso wa boga unakauka na kushika rangi, na tui linaingia ndani. Kwenye gesi sijaweza kuiga hilo, ila oveni yenye moto wa juu hukaribia.

Likishakuwa uji

Hutokea. Boga lilikudanganya, au mtoto alilia ukaondoka jikoni. Zima moto kwanza. Toa vipande vilivyosalimika kwa kijiko chenye matundu, uviweke kwenye bakuli. Kile kioevu kichemshe peke yake kwenye moto mkali mpaka kipungue zaidi ya nusu, hapo hakuna cha kuvunjika kwa hiyo koroga utakavyo. Kisha ndipo utie tui zito, likaze, urudishe vipande. Usitie unga wa ngano wala wa mahindi. Unafunga, ni kweli, lakini unaacha ladha ya gundi, na kila aliyezaliwa Mombasa atajua ulichokifanya.

Na kama hakuna kipande kilichosalimika, lisage lote na iliki, lichemshe mpaka lishike, ulipakue vikombeni useme ndivyo ulivyokusudia.

Njia kavu: la kusagwa

Ukitaka boga la chapati, supu au la mtoto, usilitose ndani ya maji. Lipike kwa mvuke: maji vidole viwili chini ya sufuria, juu yake chujio la chuma, vipande ndani, funika, dakika 15 hadi 20. Mwenye oveni afanye vizuri zaidi: pasua boga mara mbili, toa mbegu, paka mafuta, lilaze kifudifudi kwenye trei, nyuzi joto 200, dakika 45 hadi saa nzima kwa kadiri ya ukubwa. Ganda litajichubua, kumenya hakupo tena, na ladha inakuwa nzito kwa sababu maji yameondoka na sukari imeungua kidogo pembeni. Ponda, kisha liweke ndani ya kitambaa safi juu ya bakuli nusu saa lidondoke. Utashangaa maji yatakayotoka.

Kwa mtoto aliyeanza kula, kuanzia miezi sita, hilo hilo lisagwe laini, bila chumvi wala sukari, na tone la mafuta au tui.

Chapati: unga wa ngano vikombe vitatu, boga lililopondwa kikombe kimoja, chumvi kijiko kidogo kimoja, mafuta vijiko vikubwa viwili. Changanya kabla ya kutia maji yoyote. Boga ndilo maji yako. Kama unga bado umekauka, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Kanda dakika 10, funika, uache nusu saa, kisha sukuma na uchome kama chapati za kawaida, moto ukiwa mdogo zaidi kidogo kwa sababu sukari ya boga huwahi kuungua. Zinabaki laini hata kesho yake.

Lililosagwa likibaki, ligawe kwenye mifuko midogo, bapa, uligandishe kwenye friza. Linakaa miezi. Kulifungia ndani ya chupa na kuliweka kabatini usijaribu. Boga halina ukali wa kuzuia vijidudu vya sumu.

La chumvi

Wasiopenda utamu kwenye chakula wana haki yao. Kaanga kitunguu maji mpaka kibadilike rangi, tia thomu na tangawizi, bizari nyembamba kidogo, manjano, nyanya mbili, ukaange mpaka mafuta yajitenge. Weka vipande vya boga, chumvi, pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, funika bila maji kabisa, moto mdogo, dakika 15. Malizia na tui zito nusu kikombe, ndimu na dania. Kwa wali mweupe, hili hulishinda hata lile la sukari.

Mbegu, majani na kiporo

Mbegu zioshe utoe nyama iliyoshikamana nazo, zianike juani juu ya ungo mpaka zikauke hasa, kisha zikaange bila mafuta kwenye kikaango na moto mdogo, ukigeuza, dakika 10 hadi 15. Zitaanza kupasuka. Nyunyiza maji ya chumvi zikiwa bado motoni, zikauke tena. Watoto watazimaliza kabla hazijapoa.

Ukibahatika kupata majani yake, chukua machanga. Vunja kila kikonyo na uvute ule utando wenye vinywele uondoke wote, la sivyo yatakuwasha kooni. Katakata, chemsha kidogo na kitunguu na nyanya, tui mwishoni.

Boga la nazi lililobaki lisilale juu ya jiko likisubiri daku. Kwa joto letu tui huchacha haraka. Likishapoa kidogo, na kabla ya saa mbili kupita, liingie kwenye friji, na lisipite siku mbili. Kulipasha, moto mdogo na vijiko viwili vya maji au tui, bila kukoroga. Mavyaa lakini halipashi. Hulila baridi hivyo hivyo, saa kumi za usiku, na chai ya rangi. Lile langu la kwanza, lile la uji, alilitia kwenye friji usiku ule bila kuniambia, na nilipoamka daku nilimkuta amelimaliza.